Jitengenezee triga ya flashi kwa waya tu, bei ya chee

Vijana wanaoanza kupiga picha wananiuliza sana wanunue triga gani ya redio (kifaa cha kuiamrisha flashi ipige ikiwa mbali na kamera), na mimi jibu langu ni lile lile, tengeneza kwanza ya waya. Haina betri ya kuisha, haisumbuliwi na mawimbi ukumbini, na ukishaitengeneza kwa mkono wako unakuwa umeelewa flashi inapigaje. Flashi ikikaa juu ya kamera sura inatoka bapa na kivuli kinaganda ukutani nyuma ya kichwa, ila hiyo hiyo ukiipeleka pembeni mtu anapata umbo, shavu linaonekana, pua inaonekana.

Cha kuelewa ni kimoja. Pale juu panapochomekwa flashi, hoti shuu, kuna pini kubwa katikati na reli za chuma pembeni. Shata (pazia la ndani ya kamera linaloachia mwanga) ikifunguka kamera inaunganisha hivyo viwili, ni swichi tu, flashi ikiona vimeungana inapiga. Zile pini ndogo ni za TTL, yaani kamera kuipangia flashi nguvu yenyewe, kila kampuni ina mpangilio wake, sisi hatuzihitaji maana flashi tunaiweka M (manual, nguvu unaichagua mwenyewe). Kwa hiyo kazi yote ni kurefusha nyaya mbili basi.

Kabla hujaenda dukani angalia kamera yako. Canon 1500D/2000D, 3000D/4000D na 200D II hazina pini ya katikati kabisa, Canon waliitoa, kwa hiyo waya hautafanya kazi, nyie rukeni mpaka mwisho. Sony za kabla ya 2012 nazo zina hoti shuu ya umbo lao, mguu wa kawaida hauingii.

Hatua ya 1: pima volti. Hii usiiruke jamani. Washa flashi, subiri taa ya chaji iwake, weka mita ya umeme (multimeter) kwenye volti za DC renji kubwa, mwekundu kwenye pini ya katikati ya mguu wa flashi, mweusi kwenye chuma cha pembeni. Flashi za kisasa nyingi zinasoma volti chache tu, endelea. Vivitar 283 za zamani zinaweza kuzidi 200, hiyo inaweza kuua kamera. Nikon wanaonya usivuke 250, lakini Canon za dijitali za mwanzo kama 300D kikomo kilikuwa 6, na kiwango cha ISO 10330 ni 24. Mimi ikizidi 24 naiweka pembeni, sibahatishi.

Na flashi usiifungue! Ndani kuna kapasita ya volti 300 hivi na inakaa na moto hata betri ukizitoa.

Hatua ya 2: vifaa. Waya mwembamba wa nyuzi mbili, wa spika au wa simu, mita 5 zinatosha. Mguu wa flashi mbovu, huu ndo utachomekwa kwenye kamera, mwambie fundi akutolee yeye baada ya kuua chaji. Hoti shuu ya kike ya kuchomekea flashi yako, unaifungua kwenye kamera mbovu ya filamu, chagua ile isiyo na flashi ya ndani. Kariakoo (Dar) au Luthuli Avenue (Nairobi) ukizunguka kwa mafundi hukosi.

Hatua ya 3: kuchomelea. Hapa ndo penye kazi. Sugua pini na reli kwa msasa mpaka shaba ing'ae, maana risasi haishiki kwenye uchafu, inajikunja kitone inadondoka. Paka risasi kidogo kwenye pini na kwenye ncha ya waya kila kimoja peke yake, halafu ndo uviunganishe, gusa sekunde mbili tatu utoe pasi, ukikaa sana plastiki inayeyuka na pini inahama. Waya wenye mstari uende katikati pande ZOTE mbili, wa pili kwenye reli, ukigeuza kuna kamera hazitapiga. Funga tepu, weka gluu ili waya ukivutwa usichomoke.

Hatua ya 4: jaribu bila kamera. Mita kwenye mlio, pini na reli zisilie. Chomeka flashi, washa, kisha gusanisha pini na reli ya mguu wa upande wa pili kwa kipande cha waya. Inapiga? Sawa. Ikijipiga yenyewe ukiwasha tu, kuna nyuzi zinagusana.

Hatua ya 5: kwenye kamera. Chomeka mguu kwenye kamera, weka M, kasi ya shata 1/200 au ya polepole zaidi, ukipitisha unapata mstari mweusi kwenye picha. Anza na f/5.6, ISO 200, flashi 1/4, rekebisha. Kwenye Canon zima silent shooting ya live view (kupiga ukiangalia kioo cha nyuma), flashi za kampuni nyingine hazipigi humo.

Sasa nyie msio na pini. Tafuta flashi yenye modi za S1 na S2 kama Yongnuo YN560, inapiga ikiona mwanga wa flashi nyingine. Inua flashi ndogo ya kamera, weka S2 maana hiyo haidanganyiki na mwanga wa kwanza wa kupimia. Ili mwanga wa kamera usiharibu picha, tafuta negativu za zamani za studio, ile ncha nyeusi tii ya filamu ya rangi iliyosafishwa, kunja mbili uifunike flashi ndogo. Mwanga tunaouona karibu wote unazuiwa, infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) inapita, na jicho la Yongnuo linaiona. Ndani ya chumba inafanya kazi vizuri sana, nje juani inasumbua, huko sogeza flashi karibu na uhakikishe jicho lake linaitazama kamera.