Gringo, guiri, gallego: namna ya kumwita mgeni kwa Kihispania bila kuchokoza ugomvi

Neno salama kote panaposemwa Kihispania ni extranjero, na kwa mwanamke extranjera. Ndilo utakalolikuta kwenye karatasi za uhamiaji, na halimkeri mtu. Yaliyobaki ni ya mtaani. Kabla ya kuyatia mdomoni, jiulize kwanza uko nchi gani.

Tuanze na gringo. Mexico huyo ni Mmarekani. Ukivuka kwenda Brazil, ambako wanasema Kireno, gringo ni mgeni yeyote, hata wewe uliyetoka Nakuru. Argentina waliitwa hivyo Waitaliano. Ile hadithi kwamba neno lilitokana na Wamexico kuwafukuza askari wa Marekani wenye sare za kijani kwa kelele za "green, go!" katika vita vya 1846 kati ya nchi hizo mbili ni porojo, maana neno limo katika kamusi ya Kihispania ya karne ya 18.

Hispania wana guiri. Litamke "giri", ile u haisikiki. Ni mtalii wa Ulaya ya kaskazini, yule aliyebabuka kwa jua na kuvaa soksi ndani ya makubadhi. Halibadiliki kwa jinsia: el guiri, la guiri, wengi guiris. Kwa rafiki ni utani tu. Mhamiaji wa Amerika Kusini au Mwafrika haitwi guiri. Wanaotaka kumdhalilisha husema sudaca (kwa wa Amerika Kusini) au negrata (kwa mtu mweusi). Hayo yajue uyatambue ukitupiwa, lakini usiyatamke.

Wengi hujikwaa kwenye gabacho. Hispania ni Mfaransa, Mexico ni Mmarekani, na kote lina ukali kidogo.

Buenos Aires ndiko kwenye vituko. Mhispania yeyote ni gallego (wao husema "gashego"), hata kama hajawahi kukanyaga Galicia, jimbo la Hispania lililozaa jina hilo. Mwitaliano ni tano. Turco kwa kawaida si Mturuki bali mtu wa asili ya Syria au Lebanon, kwa kuwa babu zao waliingia na hati za Dola ya Osmani, yaani ya Waturuki.

Sokoni Mexico mchuuzi atakuita "¡Pásele, güera!" (tamka "gwera"), yaani karibu, mweupe, hata ukiwa mweusi tii. Anataka ununue, basi. Mtu mweusi mara nyingi huitwa moreno au morena kwa heshima. Nako Colombia, mi negra ni neno la mume kumdekeza mkewe, awe mweusi au asiwe.

Kupima ukali, sikiliza kinachotangulia neno na kinachofuata, kama unavyopima "mzungu" la watoto barabarani na lile la mtu mwenye hasira. Pinche gringo (kama kusema "gringo mshenzi") ni tusi. Gringuito, kwa ile -ito ya mwisho, mara nyingi limelainishwa, ingawa sauti ya kejeli huligeuza.

Ukiitwa jina lisilo lako, sahihisha kwa ufupi: "No soy gringo, soy tanzano" (mimi si gringo, ni Mtanzania). Mwanamke aseme tanzana. Mkenya ni keniano au keniana. Keniata nalo ni sahihi kwa wote wawili, kwa hiyo ukilisikia usidhani unataniwa kwa jina la Mzee Kenyatta.