Berenjena: jinsi ya kulitamka na kulitumia neno la Kihispania la biringani

Anza na herufi ya j, maana ndiyo inayowaangusha wengi. Haisomwi kama j ya "jana". Ni kh, ile ya "kheri" na "Khamisi", kwa hiyo mtu wa Mombasa hana kisingizio: be-ren-KHE-na. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu.

Neno ni la kike. Biringani moja ni *una berenjena*; mengi ni *las berenjenas*. Mgeni Mhispania akisimama mbele ya fungu pale Marikiti atasema *medio kilo de berenjenas*, nusu kilo. Usiliandike kwa g wala l. *Beringela* ni Kireno.

Asili? Kiajemi *bādingān*, kikawa *bādhinjān* kwa Kiarabu, kikaingia Hispania kupitia Waarabu wa Andalusia. "Biringani" letu ni la ukoo huohuo. Kihispania hakikubakiza hapa *al-* ya Kiarabu, ile inayotangulia nomino, ingawa kilibakiza, kwa umbo la *a-*, katika *azúcar* (sukari). Jirani yake Kikatalani kilibakiza: *albergínia*, na humo Wafaransa wakapata *aubergine*.

Sasa *berenjenal*, yaani shamba la mabiringani. *Meterse en un berenjenal* ni kujitia matatani kwa hiari yako. Mmea wenyewe huwa na miba, hasa kwenye kikonyo, kwa hiyo picha inaeleweka. Usiseme *meterse en una berenjena*: hapo utakuwa umeingia ndani ya biringani moja, na watacheka.