Kumpokea Mbwa Mwenye Matatizo Ukiwa na Mbwa Wengine Nyumbani

Nikipigiwa simu kwamba kuna mbwa ameokotwa na anatafutiwa pa kukaa kwa muda, siulizi kama anauma. Nauliza anauma wakati gani. Ukiambiwa tu "ni mkali", hujaambiwa kitu. Kuna anayenguruma ukikaribia bakuli lake, kuna anayemwogopa mwanamume mwenye rungu, na kuna anayemrukia mbwa yeyote anayemkazia macho. Wa kwanza unaweza kumudu ukiwa na milango ya kutosha. Huyo wa mwisho apelekwe kwa mtu asiye na mbwa mwingine.

Mimi naishi Rongai na ninao watatu wa kwangu: Chui, jike mzee mwenye damu ya German shepherd, halafu Bosi na Kashata, koko halisi. Hao ndio wenye nyumba. Kama mmoja wa mbwa wako anaumwa, ananyonyesha au ni mgomvi tayari, jibu ni hapana, hata kama picha uliyotumiwa kwenye WhatsApp imekutoa machozi. Msaidizi wa nyumbani naye aulizwe mapema, maana ndiye atakayeshinda na huyo mbwa wewe ukiwa kazini. Kubalianeni pia na anayekuletea: nani atalipa daktari, na mambo yakishindikana mbwa anarudi kwa nani.

Akitoka kituo cha kuhifadhi wanyama, kama KSPCA pale Karen, Nairobi, omba karatasi za chanjo. Akitoka barabarani, mpitishe kwa daktari wa wanyama kabla hajaingia getini kwako, na hakikisha wako wote wamechanjwa kichaa na parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua mbwa. Mwombe daktari aangalie meno, masikio na viungo. Mbwa mwenye sikio lililooza atauma akishikwa kichwa, na hapo huhitaji mkufunzi, unahitaji dawa ya sikio.

Kisha mtenge angalau siku 14. Parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiiui. Sakafu ipigwe jiki iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja kwa 30, na bakuli zake zisichanganyike na za wengine. Siku hizo zina faida nyingine: mgeni anapata kulala. Wengi hulala mno mwanzoni, na watu hudhani wametulia. Tabia zenyewe hutokea baadaye, akishapata nguvu. Ule msemo wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kwa mbwa haufanyi kazi.

Mpe chumba mbali na geti. Getini ndiko mbwa wako wanakopandwa na hasira boda ikipita, na mgeni akiwa karibu hasira hiyo itaishia kwake. Kama mlango ni wa wavu, ufunike kwa gunia ili wasikiane na kunusana bila kutazamana. Badilisha matandiko: tambara alilolalia yeye lipelekwe kwa wengine, na la kwao liletwe kwake.

Jambo moja watu wa mjini hawalifikirii ni kuinama. Mbwa wa barabarani anajua kwamba mtu akiinama anaokota jiwe. Tofi, koko wa rangi ya kahawia niliyekaa naye, alikuwa mpole hadi fundi wa bomba alipoinama kuchukua spana. Mkia uliingia tumboni, masikio yakalala, weupe wa macho ukatoka, na alikuwa bado mita tano hivi kutoka kwa fundi. Waambie watoto na wageni wachuchumae polepole wakiwa wamempa ubavu, wasimwinamie.

Kuwakutanisha kunafanyika nje, asubuhi mapema kabla ya mabasi ya shule. Watu wazima wawili, kila mmoja na mbwa na kamba yake, mnatembea kuelekea upande mmoja, huyu ukingo huu wa barabara na yule ukingo wa pili. Anza na mtulivu kuliko wote. Kwangu ni Chui. Wakizoea, punguzeni nafasi kidogo kidogo. Mbwa akilamba pua, akipiga miayo au akigeuza uso, anaomba nafasi. Akisimama amekauka, mdomo umefungwa na macho hayapepesi, ondokeni mara moja. Akinguruma usimpige. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kuuma bila onyo.

Chakula ndicho huleta vita vingi. Kila mbwa ale ugali na matumbo yake nyuma ya mlango wake, na mifupa isionekane kabisa palipo na mbwa zaidi ya mmoja. (Nyama za ndani zichemshwe sawasawa; mbichi zinaweza kuwapa minyoo ya tegu, na binadamu pia wanaipata kutoka kwa mbwa.) Anayelinda bakuli, usimtie mkono eti azoee. Pita kwa mbali akiwa hajakaza mwili, mrushie kipande cha ini, endelea na safari yako. Ukirudia kila mlo, ataanza kuinua kichwa akikuona kwa sababu anasubiri ini.

Usiku nasi hufungulia mbwa walinde. Mgeni asiwe kati yao: gizani wanapobweka pamoja, kosa dogo ni vita. Vikizuka, usishike kola wala usiingize mkono. Mwaga ndoo ya maji, gonga vifuniko vya sufuria, au watu wawili washike miguu ya nyuma, kila mmoja na mbwa wake, na kurudi nyuma pamoja. Watenganishe hadi kesho yake angalau. Mtu akiumwa, hata kama ni mkwaruzo, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo na amalize sindano zote atakazoandikiwa.

Mbwa akipata mwenyewe wa kudumu, mpe mtu huyo ukurasa mmoja ulioandika kwa mkono: anachoogopa, anapolala, jinsi ya kumlisha, mbwa gani anaelewana nao, tarehe za chanjo na namba ya daktari anayemjua. Andika pia ni lini alinguruma na kwa nini. Akisoma hapo akabadili nia, bora sasa kuliko baada ya mwezi.