Kuimarisha usukani wa gari la ekseli nzima: kazi inaanzia wapi

Magari ninayoyazungumzia ni yale ambayo ekseli ya mbele ni moja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na springi za mbele ni za koili: Land Cruiser ya 80 (1990 hadi 1997), ya 105, hardtop na pikapu za 70 za kuanzia 1999, Land Rover Defender ya zamani (ile iliyokoma kutengenezwa 2016) na Nissan Patrol Y61. Mwenye hardtop ya zamani ya springi za mabamba aruke sehemu zinazohusu panadi, yaani ile fito inayokingama kutoka kwenye chesisi hadi kwenye ekseli kuizuia isitembee kushoto na kulia; gari lake halina.

Hapa Dar wateja wengi huja wakiwa wameshainua gari, wamefunga tairi kubwa, wamepigapiga barabara ya Kibiti hadi Mloka, halafu wanaulizia tairodi nene, yaani ile fito inayounganisha magurudumu mawili ya mbele yageuke pamoja. Tairodi nene tutafika. Lakini ukiifunga juu ya viungo vilivyokufa, umeongeza chuma tu na gari litaendelea kuyumba. Fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Tafuta panapocheza

Gari likae chini, uzito wote ukiwa kwenye tairi. Ukilinyanyua, mzigo unaondoka kwenye viungo na ubovu mwingine hauonekani. Funga handibreki, weka kabari, washa injini. Msaidizi akae kwenye usukani auyumbishe kushoto na kulia kidogo, upana wa kiganja, bila kusimama.

Wewe lala chini ufuate mnyororo mzima: shafti ya usukani, stelingi boksi (boksi la gia za usukani), mkono wa boksi, dragilinki (fito inayotoka kwenye mkono huo kwenda kugeuza gurudumu), tairodi, kisha panadi. Kwenye kila kiungo weka kidole, nusu upande huu nusu upande ule. Kiungo kizima, pande mbili zinakwenda pamoja. Kilichokufa, utasikia kwa ncha ya kidole upande mmoja umeshaanza na wa pili unafuata nyuma.

Panadi ndiyo inayosahaulika zaidi. Ukiona unga mwekundu wa kutu unatoka pembeni mwa bushi yake, au tundu la bolti limekuwa yai, hapo ndipo usukani wako unapotetemekea kwenye matuta. Kisha mulika tochi pale boksi linapofungwa kwenye chesisi. Rangi iliyobanduka kuzunguka vichwa vya bolti maana yake boksi linatembea. Mstari mwembamba wa kutu kutoka kwenye tundu ni ufa.

Sasa nyanyua mbele, weka stendi, shika tairi juu na chini uisukume. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingipini (pini ambazo gurudumu hugeukia) ndani ya nako, kile kifundo cha mwisho wa ekseli, na hizo zinahitaji kufunguliwa na kupangwa upya kwa shimu, yaani vibati vyembamba.

Hatua ya 2: Badilisha kilichokufa

Badilisha, kisha endesha gari. Mengi yanaponea hapa na hela ya chuma kipya inabaki mfukoni. Kuhusu skrubu ya juu ya boksi, ile ya kupunguza mchezo: irekebishwe tairi zikiwa zimenyooka, kidogo kidogo, na ukiona usukani haurudi wenyewe umeshazidisha. Boksi lililolika katikati ukilikaza sana litabana kwenye kona.

Hatua ya 3: Rekebisha pembe

Simama mbele ya gari utazame panadi na dragilinki. Mteremko wao lazima ulingane, kwa sababu ekseli inapopanda na kushuka kila fito inachora upinde wake. Pinde zikitofautiana, gari likiingia shimoni usukani unajivuta wenyewe hata kama umeushika imara. Ndiyo maana mtu anayeshusha dragilinki kwa mkono mrefu wa boksi akaiacha panadi ilipokuwa anajitengenezea tatizo. Ukihamisha moja, hamisha na nyingine.

Kuinua gari kunasogeza pia ekseli pembeni, na panadi ya kurekebishika inairudisha katikati. Halafu kuna kasta, yaani ule mlalo wa kingipini kwenda nyuma. Kwenye Land Cruiser ya 80 kila inchi unayoinua inakula takriban digrii 1, na gari la kiwandani lina digrii 3 hivi. Inua inchi mbili bila bushi za kurekebisha kasta, usukani unakuwa mwepesi ajabu na gari linatangatanga kwenye Barabara ya Morogoro.

Hatua ya 4: Tairodi na dragilinki mpya

Ukinunua zilizotengenezwa tayari, sawa. Ukichongesha, beba tairodi endi zako (viungo vya ncha za fito) mkononi hadi kwa fundi wa mashine ya kukereza, asikadirie uzi kwa macho. Chuma kiwe bomba lisilo na mshono lenye ukuta wa milimita 6 kwenda juu, au nondo nzima. Bomba la maji usikubali hata kwa bure. Kipenyo ndicho kinachobeba kazi: nondo ya milimita 38 ni ngumu kupinda mara mbili na nusu hivi kuliko ya milimita 30.

Upande mmoja uwe na uzi wa kulia na mwingine uzi wa kushoto, ili uweze kurekebisha kwa kuizungusha fito bila kuifungua. Endi iingie angalau mara moja na nusu ya kipenyo cha uzi wake. Fundi akikwambia atakata ile ya zamani na kuunga kipande kwa kuchomelea, mwambie asante na uondoke. Kiungo cha usukani kikikatika barabarani hakuna breki ya kukusaidia kugeuza gari.

Wanaoshinda ufukweni Kimbiji wapake grisi kwenye uzi kabla ya kufunga. Chumvi inagandisha uzi mpaka uukate kwa grainda.

Hatua ya 5: Chesisi

Fito zikiwa imara, pigo la jiwe linapanda hadi kwenye boksi. Ziba nyufa, ongeza bamba nje ya chesisi, na ndani ya kila tundu weka bomba fupi la kupitishia bolti ili ukikaza chesisi isibonyee. Kazi hii apewe mchomeleaji mzoefu wa chesisi, betri ikiwa imechomolewa.

Hatua ya 6: Kufunga

Kutoa endi ya zamani, gonga ubavu wa tundu kwa nyundo mbili kwa pamoja, itaruka bila kuchana mpira. Kukaza nati ya pini (ile yenye mikato ya kupitishia pini), tundu lisipolingana ongeza kukaza, kamwe usilegeze, na pini iwe mpya.

Toe, yaani jinsi tairi za mbele zinavyoelekeana kwa ndani au nje, unaweza kuipima mwenyewe: weka alama katikati ya tairi mbele, kwenye kimo cha ekseli, pima umbali wa tairi hadi tairi, sukuma gari alama zifike nyuma, pima tena. Kwenye Land Cruiser mbele pawe pafupi kwa milimita 1 hadi 3. Usukani ukikaa upande, unyooshe kwa dragilinki.

Kama ulifungua mipira ya pawa stelingi, Toyota hizi hutumia ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) ya Dexron. Tairi zikiwa juu na injini imezimwa, zungusha mwisho hadi mwisho ukijaza, mpaka mapovu yaishe ndipo uwashe.

Hatua ya 7: Kagua na jaribu

Panda gurudumu moja juu ya kingo, kata kona hadi mwisho pande zote mbili, na mtu aangalie kama fito inagusa difu, mikono ya ekseli au mpira wa breki. Rudia upande wa pili. Endesha polepole kwenye vumbi kabla ya lami, na baada ya kilomita mia chache kagua kila nati. Shokomzoba ya usukani ifunge sasa, gari likiwa tayari linakwenda sawa bila hiyo. Kuifunga mapema ni kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya kushusha homa peke yake.