Jinsi ya kuoda stata Malindi usije ukajuta, nilivyoonja mwenyewe

Mimi nikiingia hoteli yoyote hapa Malindi sianzi na wali wala samaki wa nazi, naanza na vile vitu vidogo vya mwanzo, wengine wanaita stata wengine baitingi, manake jiko ambalo sambusa yake ni ya ovyo sijawahi kuona biriani yake ikawa nzuri. Nimeonja kwingi, vibanda vya mtaani, hoteli za Waswahili, mpaka hizi za Waitaliano za upande wa baharini. Majina ya hoteli sitaji kwa sababu wapishi wanahama kila siku, nitakuonyesha tu vile mimi nachagua, uende ukajaribu.

Kwanza ujue saa ya kwenda. Sambusa, bajia, viazi karai ni vitu vya alasiri, kuanzia saa kumi hivi karai zinawekwa motoni na ukifika hapo unapata kitu kimetoka mafutani sasa hivi. Ukioda saa sita mchana mara nyingi unaletewa za asubuhi zimerudishwa kwenye mafuta, utazijua tu, kingo zimekuwa nyeusi na ukivunja ndani mafuta yanachuruzika. Usione haya, muulize weita, "kaka, zinakaangwa saa hizi ama zipo tayari?" Akikwambia zipo tayari mwambie wewe unangoja za moto. Na mwezi wa Ramadhani ndo usiseme, kabla ya magharibi meza zinatolewa nje mitaani na hapo utakula sambusa ambayo hakuna hoteli ya watalii itakupa.

Sambusa nzuri kwangu mimi manda, ile ngozi ya nje ya unga, iwe nyembamba ivunjike kavu, nyama iwe imekaushwa vizuri na kitunguu na dania, ndimu ukamulie mwenyewe mezani. Hoteli nyingi kubwa zinaweka manda nene kama chapati halafu nyama kijiko kimoja, na bei ya hizo tatu mtaani unashiba na mwenzako. Siwezi kuzisifu hizo hata zikipangwa kwenye sahani nzuri namna gani.

Viazi karai navyo watu wanadanganywa na chatne. Onja kiazi kitupu kwanza bila ukwaju, kama hakikuchemshwa na chumvi utajua hapo hapo, unga wa juu uwe mwepesi, halafu ndo uchovye. Chatne ya ukwaju ikiwa nzito na tamu sana ujue imejazwa sukari.

Sasa tuje baharini, na hapa ndo nataka unisikilize sana. Kabla ya kuoda chochote cha samaki angalia upepo. Kusi ikivuma kwa nguvu, Juni mpaka Agosti hivi, mashua ndogo nyingi hazitoki, kwa hivyo ngisi na kamba unaoletewa siku hizo kuna uwezekano mkubwa wametoka kwenye friza. Sio kwamba ni wabaya, lakini usilipe bei ya samaki wa leo. Msimu huo mimi naoda bajia za kunde, ama sulisuli wa moshi aliyekatwa mwembamba kama karatasi na ndimu, huyo kakaushwa kwa moshi kwa hivyo hategemei mashua ya asubuhi, na kwa kweli ndo stata ya hotelini ninayoipenda kuliko zote.

Kalamari, yaani ngisi wa kukaanga, nimelia nazo. Ngisi hataki moto mrefu, dakika mbili kwenye mafuta yaliyochemka zinatosha, akizidi hapo anakaza kama mpira na ukitaka alainike tena inabidi umtokose karibu saa nzima. Kuna mahali niliwapeleka wageni wangu tukatafuna mpaka mataya yakauma na bili ikaja vile vile, iliniuma sana kwa sababu mimi ndo niliyewasifia. Siku hizi naoda sahani moja kwanza tuonje wote, ikiwa sawa ndo naongeza.

Waitaliano wamekuwa hapa tangu miaka ya 60 walipojenga kituo chao cha kurushia roketi kule Ngomeni, kwa hivyo brusheta, ule mkate wa kuchoma wenye nyanya juu, na kapachio, nyama ama samaki mbichi aliyekatwa mwembamba, hapa sio vitu vya kuigiza, wapishi wetu wenyewe wanavijua vizuri. Brusheta uile upesi ikifika, mkate ukishanywa maji ya nyanya umekwisha. Kapachio ya samaki mbichi mimi nakula mahali ninapopaamini tu, manake ndimu inageuza nyama iwe nyeupe kama imeiva lakini haiui vijidudu vyote kama moto. Na jodari muogope zaidi, akikaa kwenye joto bila barafu anatengeneza histamini, kitu kama sumu, na hiyo haitoki hata umpike vipi, mtu uso unawaka na kichwa kinagonga. Ukihisi ulimi unawasha kama pilipili na pilipili haimo, tema na uiache hiyo sahani, haidhuru umeshalipa.

Supu ya pweza hoteli kubwa nilizoingia hawaiweki kwenye menyu na mimi naona ni kosa kubwa, bakuli dogo, ndimu, pilipili, hakuna kitu kinachofungua tumbo kama hicho. Itafute mtaani jioni.

Halafu kuna sambusa za kaa za Dabaso, upande wa Watamu, pale ndani ya mikoko ya Mida kwenye mgahawa wa wanakijiji. Unapita juu ya daraja la mbao mpaka majini. Nyama ya kaa ni tamu yenyewe kwa hivyo usizimwagie sosi, ndimu tu. Nenda jua likianza kushuka na maji yamejaa, na ukifika oda sahani ya sambusa kwanza kabla hata hujakaa kuangalia menyu, wikendi watu ni wengi na kila sahani inakaangwa kwa zamu.