Jinsi ya kupima ustahimilivu wa kikosi, si wa askari mmoja mmoja

Kamanda akikuomba umpimie ustahimilivu wa kikosi chake, yaani uwezo wake wa kusimama tena baada ya pigo, usikimbilie hojaji ya ustahimilivu ya watafiti Connor na Davidson ya mwaka 2003. Ni nzuri, ina maswali 25 na alama 0 hadi 100, ila inampima mtu. Ukijumlisha alama za askari 30 ukagawanya kwa 30, umepata wastani wa watu 30. Kikosi chenyewe hujakigusa. Wanasosiolojia Shils na Janowitz walilionyesha hili mwaka 1948 walipoandika kuhusu jeshi la Ujerumani la Vita Kuu ya Pili: kilichowashikilia askari wengi hadi mwisho ni kikundi chao kidogo, kuliko itikadi.

Hatua ya 1: Chagua ngazi. Anza na seksheni, watu 8 hadi 10 wanaolala, kula na kufanya doria pamoja, kisha panda hadi platuni, yaani seksheni kama tatu pamoja. Brigedi, yenye maelfu ya askari, ni kubwa mno. Humo utapima uvumi tu.

Hatua ya 2: Uliza kwa "sisi". Badala ya "Mimi hupona haraka baada ya pigo," andika "Mambo yakiharibika, seksheni yetu hujipanga upya haraka." Gusa pande mbili: askari kwa askari, na askari kwa kiongozi. Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Katika platuni yetu mtu anaweza kumpelekea kamanda habari mbaya bila woga." Majibu yawe 1 hadi 5.

Hatua ya 3: Kusanya bila vyeo kuwepo. Niliwahi kumwachia sajenti wa platuni akusanye fomu. Zilirudi zote, safi, karibu kila jibu ni 5. Nilizitupa. Siku hizi nakusanya mwenyewe, fomu hazina majina, na sitoi matokeo ya kundi lenye majibu chini ya matano.

Hatua ya 4: Angalia kama wanakubaliana. Hapa ndipo wengi huteleza. Chukua seksheni mbili za watu 8. Ya kwanza imejibu 3, 4, 3, 4, 3, 4, 3, 4. Ya pili: 5, 5, 5, 5, 2, 2, 2, 2. Wastani wa zote ni 3.5.

Sasa tafuta mtawanyiko: toa wastani kwenye kila jibu, zidisha tofauti kwa yenyewe, jumlisha, gawanya kwa 7 (watu 8 toa mmoja). Seksheni ya kwanza inapata 0.29, ya pili 2.57. Majibu ya kubahatisha kwenye mizani ya 1 hadi 5 yana mtawanyiko wa 2, kwa hiyo gawanya kwa 2, kisha toa jibu hilo kwenye 1; unachopata ni kiwango cha makubaliano. Ya kwanza: 0.86. Ya pili inashuka chini ya sifuri, nasi huiandika 0. Wengi hutaka angalau 0.70 kabla ya kuuita wastani huo sauti ya kundi.

Seksheni ya pili haina alama ya ustahimilivu. Ina kambi mbili. Nenda ukajue nani kagombana na nani, au nani alihamishiwa hapo juzi.

Hatua ya 5: Wavuruge, ushike saa. Katika mazoezi, mwamuzi atangaze kwamba kiongozi wa seksheni ameuawa. Pima dakika hadi mtu ashike amri na wote wamtii, majeruhi wahamishwe, na redio irudi hewani. Mara nyingi anayeshika amri si anayefuata kwa cheo. Andika cheo chake, si jina lake. Rudia jaribio usiku, baada ya siku mbili za usingizi haba.

Hatua ya 6: Rudia kipimo. Mara tatu: kabla ya operesheni, mara baada ya pigo, na wiki kadhaa baadaye. Kushuka si aibu. Unachotafuta ni kama wanapanda tena, na kwa muda gani.

Kanuni yangu binafsi: robo ya platuni ikibadilishwa, futa kipimo cha awali uanze upya, kwa sababu hicho sasa ni kikosi kingine.