Wakala wa Mtandaoni au Wakala Mwenye Ofisi: Namna ya Kumchagua Atakayeuza Nyumba Yako

Mwenye nyumba anayetaka kuuza huanza kwa kulinganisha ada, na kwenye ada wakala wa mtandaoni hushinda karibu kila mara. Kulinganisha huko kuna faida yake, lakini kunaacha nje mambo mawili ambayo ndiyo huamua kama muuzaji ataridhika au atajuta: wakala analipwa lini, na ni nani atakayeishika kazi baada ya mnunuzi kupatikana. Haya ndiyo maswali ya kumuuliza kila wakala, awe na ofisi yenye bango barabarani au awe na tovuti tu. Mifano mingi hapa inatoka Uingereza, kwa kuwa huko mifumo hii miwili imefanya kazi bega kwa bega kwa muda wa kutosha kuonyesha nguvu na udhaifu wake.

Tofauti hasa iko wapi

Wakala mwenye ofisi kwa desturi hulipwa kamisheni, yaani asilimia fulani ya bei ya mauzo, na huidai nyumba inapouzwa. Asipouza, halipwi. Wakala wa mtandaoni kwa kawaida hutoza kiasi kimoja kisichobadilika, nyumba iwe kubwa au ndogo, na wengi hukitaka kiasi hicho mwanzoni, kabla tangazo halijatoka. Nyumba ikikosa mnunuzi, fedha hizo hazirudi.

Watu wengi hudhani kwamba wakala wa mtandaoni ana wanunuzi wake wa mtandaoni na mwenye ofisi ana wanunuzi wake wa mtaani. Sivyo. Tovuti ya Rightmove, ambayo Waingereza wengi huitumia kutafuta nyumba, hupokea matangazo kutoka kwa mawakala wala haimruhusu mwenye nyumba kujitangazia mwenyewe. Mawakala wa aina zote mbili hupeleka nyumba zao hapo, na mnunuzi huziona katika orodha ileile. Kwa hiyo wakala anayejisifu kwamba tangazo lako litaonekana na watu wengi hajakwambia jambo linalomtofautisha na mwenzake. Muulize badala yake nani atapiga picha, nani atachora ramani ya vyumba, nani ataandika maelezo, na kama kazi hizo zimo ndani ya ada au zinalipiwa kando.

Katikati wapo mawakala mchanganyiko: kampuni inaendeshwa mtandaoni, lakini kuna mtu anayefanyia kazi nyumbani kwake na kusimamia eneo lenu kwa jina la kampuni. Mfumo huu unaweza kuwa mzuri sana au wa hovyo, na tofauti huletwa na mtu mwenyewe pamoja na mzigo alionao. Muulize anashughulikia nyumba ngapi kwa wakati mmoja, na eneo lake linaishia wapi.

Malipo yanavyomwongoza wakala

Anayelipwa mwanzoni amekwisha kupata chake. Hilo halimfanyi kuwa mvivu wala mdanganyifu. Wapo mawakala wa mtandaoni wanaojituma kwa sababu jina jema ndilo linalowaletea wateja. Hata hivyo muuzaji aelewe kwamba akilipa mapema, silaha yake kubwa, ambayo ni kuzuia malipo, imekwisha kutoka mkononi. Pia amebeba hatari ya kampuni yenyewe. Purplebricks, iliyokuwa kubwa kuliko mawakala wengine wa aina yake Uingereza, iliuzwa mwaka 2023 kwa mshindani wake Strike kwa pauni 1. Ikiwa kampuni yenye jina kubwa kiasi hicho iliweza kufika hapo, ni haki yako kuuliza ada yako itakuwaje wakala akifunga biashara au akimilikiwa na mwingine.

Baadhi ya mawakala hukuruhusu kulipa baadaye, na hapo ndipo masharti yanapohitaji kusomwa kwa makini zaidi. Mara nyingi hiyo baadaye si siku ya mauzo bali ni tarehe iliyopangwa, labda baada ya miezi kadhaa, na deni linakuwa palepale hata kama nyumba haijapata mnunuzi. Wakati mwingine deni hilo ni mkopo kutoka kampuni nyingine ya fedha. Wakati mwingine sharti ni kumtumia wakili aliyechaguliwa na wakala, na ukitaka wakili wako mwenyewe unatakiwa kulipa ada yote papo hapo. Wapo pia wanaotangaza kwamba huuza bure kabisa. Hawa hutegemea kamisheni wanazopata kwa kukupeleka kwa wakili au kwa mkopeshaji, pamoja na huduma za ziada watakazokuuzia. Hakuna ubaya katika biashara hiyo ilimradi umeambiwa wazi na una uhuru wa kukataa.

Isidhaniwe, kwa upande wa pili, kwamba kamisheni humfanya wakala awe na nia moja na wewe. Wachumi Steven Levitt na Chad Syverson walichunguza mauzo ya nyumba karibu 100,000 katika eneo la Chicago, Marekani, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2008 walionyesha kwamba mawakala walipouza nyumba zao wenyewe walivumilia sokoni kwa wastani wa siku 9.5 zaidi, na walipata bei iliyozidi kwa takriban asilimia 3.7 ile waliyowapatia wateja wenye nyumba zinazofanana na zao. Sababu iko kwenye hesabu. Kamisheni ikiwa asilimia 1.5, nyongeza ya 10,000 katika bei humpa wakala 150 tu, ilhali mwenye nyumba hubaki na 9,850. Wakala anayesubiri wiki tatu zaidi kwa ajili ya 150 hupoteza muda ambao angeutumia kuuza nyumba nyingine, na ndiyo maana atakushauri uikubali bei iliyopo mezani.

Dawa yake ninayoipendekeza kwa dhati, na ambayo wauzaji wengi hawafikirii kuiomba, ni kamisheni ya ngazi. Mkubaliane asilimia ndogo hadi bei fulani, kisha asilimia kubwa zaidi, hata mara kadhaa ya ile ya kwanza, kwa kila kinachopatikana juu ya bei hiyo. Wakala anayekataa mpango huo, huku akisisitiza kwamba nyumba yako itapata bei ya juu, amekuonyesha kwamba haamini makadirio yake mwenyewe. Na katika mfumo wowote, uliza kama ada uliyotajiwa inajumuisha kodi ya ongezeko la thamani. Uingereza kodi hiyo ni asilimia 20, na kiasi hicho kinatosha kubadilisha ulinganisho wako wote.

Mnunuzi akishapatikana

Katika England na Wales, kukubaliana bei hakumfungi mtu yeyote kisheria. Muuzaji na mnunuzi hufungwa siku wanapobadilishana mikataba iliyosainiwa, na kabla ya hapo zinaweza kupita wiki nyingi au miezi. Katika muda huo mkaguzi anaweza kugundua unyevu ukutani, benki ya mnunuzi inaweza kuikadiria nyumba kwa thamani ndogo kuliko bei, na mnunuzi mwenyewe anaweza kuwa anasubiri nyumba yake iuzwe kwa mtu ambaye naye anasubiri yake. Mnyororo huo ukikatika popote, mauzo yote huvunjika.

Ninaamini kwamba wakala mzuri huustahili ujira wake katika kipindi hiki kuliko wakati mwingine wowote. Ni yeye anayempigia simu wakili aliyenyamaza, anayezungumza na mawakala wengine walio kwenye mnyororo, na anayemtuliza mnunuzi aliyetishwa na ripoti ya mkaguzi ili apunguze bei kidogo badala ya kukimbia. Wakala mwenye ofisi ana sababu ya kufanya hayo, maana kamisheni yake bado iko hewani. Kwa wakala wa mtandaoni kazi hii huenda ikawa ya kituo cha simu ambako kila siku unazungumza na mtu mwingine, au ikawa huduma inayolipiwa zaidi, au isiwepo kabisa. Usiridhike na jibu kwamba kampuni itakusaidia hadi mwisho. Omba jina la mtu atakayeshughulikia mauzo yako tangu siku bei inapokubaliwa hadi siku ya kukabidhi funguo, na uombe namba yake ya moja kwa moja.

Suala la kuwatembeza wanunuzi lina pande mbili. Wakala wa mtandaoni mara nyingi humwachia mwenye nyumba kazi hiyo, au huitoza kando. Mwenye nyumba anaijua nyumba yake na huweza kueleza mambo ambayo wakala hayajui. Lakini mnunuzi huona haya kusema mbele yake kwamba jiko ni dogo au kwamba bei imezidi, na hivyo muuzaji hubaki bila taarifa ambayo angeihitaji mno.

Nani anafaa kuchagua nini

Wakala wa mtandaoni humfaa mtu ambaye nyumba yake inafanana na nyingine nyingi zilizouzwa karibuni katika eneo hilohilo, ambaye ana muda wa kupokea wageni na kujibu simu, na ambaye haoni tabu kujadiliana bei ana kwa ana. Nyumba ya pekee isiyo na ya kulinganishwa nayo, nyumba ya urithi yenye wamiliki kadhaa wasioelewana, nyumba yenye wapangaji, au nyumba ambayo mwenyewe anaishi mbali nayo, zote nazielekeza kwa wakala mwenye ofisi anayelijua eneo.

Usikubali makadirio ya bei ya wakala mmoja. Waite watatu, wa aina zote mbili, na kila mmoja akuonyeshe bei ambazo nyumba zinazofanana na yako ziliuzwa hasa, kwa kuwa bei iliyotangazwa ni matumaini ya muuzaji tu. Katika England na Wales unaweza kuhakiki mwenyewe, kwani msajili wa ardhi, HM Land Registry, huchapisha bei za mauzo ya nyumba kuanzia mwaka 1995. Wakala anayetaja bei ya juu kuliko wenzake bila ushahidi huenda anainunua saini yako. Baada ya wiki chache atakuomba upunguze bei, na tangazo lililokaa sana huwatia wanunuzi shaka.

Njia bora ya kumpima wakala ni kuwa mteja wake wa upande wa pili. Chagua nyumba anayoiuza sasa, mwombe kama mnunuzi yeyote nafasi ya kuiona, kisha angalia: alijibu baada ya muda gani, aliuliza kama umeshaiuza yako au kama una mkopo tayari, alijua lolote kuhusu nyumba hiyo zaidi ya yaliyo kwenye tangazo, na alikufuatilia kesho yake? Jinsi anavyokutendea wewe ndivyo atakavyowatendea watakaotaka kununua nyumba yako.

Kabla ya kusaini

Thibitisha kwanza kwamba wakala anatambuliwa na sheria ya nchi husika. Marekani kila jimbo hutoa leseni. Uingereza haina leseni ya aina hiyo, lakini wakala anayeuza nyumba za makazi analazimika kujiunga na mfumo ulioidhinishwa wa kusuluhisha malalamiko ya wateja, na sheria ya mawakala ya mwaka 1979 inamtaka amweleze muuzaji ada zake kwa maandishi kabla ya kufungamana naye. Mkataba uliosainiwa kwa mbali au nyumbani kwako unaweza, kwa kawaida, kuufuta ndani ya siku 14, ingawa ukiwa umemwomba aanze kazi ndani ya siku hizo unaweza kudaiwa gharama ya kazi iliyokwisha kufanyika.

Katika mkataba wenyewe, tafuta mambo matatu. La kwanza ni muda unaofungwa na wakala mmoja, pamoja na notisi ya kujitoa. La pili ni kama umempa uwakala wa pekee, yaani hakuna wakala mwingine atakayeiuza nyumba lakini wewe mwenyewe unaweza kumtafuta mnunuzi bila kumlipa, au haki ya pekee ya kuuza. Katika haki ya pekee ya kuuza utamlipa kamisheni hata ukimwuzia ndugu yako bila msaada wake, na sharti hilo ninashauri likataliwe. La tatu ni kifungu kinachosema kamisheni inadaiwa mara tu anapopatikana mnunuzi aliye tayari na mwenye uwezo, kwa kuwa kinaweza kukulazimisha ulipe hata ukiamua kutouza. Omba kiandikwe upya ili malipo yadaiwe mauzo yanapokamilika.

Ikiwa zimepita wiki kadhaa na hakuna anayekuja kuiona nyumba, kaa na wakala na mkague bei na picha kabla ya kumlaumu. Ukiamua kumwacha, toa notisi kwa maandishi na umtake akupe, pia kwa maandishi, orodha ya watu wote aliowaleta. Mmoja wao akinunua baadaye kupitia wakala mpya, unaweza kudaiwa kamisheni mbili kwa mauzo yaleyale, kwa hiyo mpe wakala mpya nakala ya orodha hiyo, na mkubaliane kabla hajaanza kazi kuhusu malipo yatakavyokuwa ikiwa mnunuzi atatoka humo.